Kifungo Kisichopita Mwanyani

Mtaani walimwita Fundi Bajeti, na kama ilivyo kawaida ya majina ya aina hiyo, yeye peke yake ndiye aliyedhani ni sifa. Alikuwa fundi wa makoti na suti, mwembamba, mabega yameinama mbele kwa miaka ya kuinamia cherehani, tepu ya kupimia ikimning'inia shingoni hata siku ya mapumziko. Alishona vizuri, hilo hata wasiompenda walikubali. Lalamiko la wateja lilikuwa moja tu: vifungo vyake havikai. Mtu angeweza kuzeeka na koti lake mwilini, lakini kufika mwaka wa pili kifungo kimoja kilikuwa kimeshatangulia.

"Kifungo kinadondoshwa na mvaaji, hakidondoshwi na fundi," alikuwa akijibu. "Mtu akishiba kuliko koti lake, alaumu kijiko."

Ukweli ulikuwa mfupi zaidi. Mafundi wengine hupitisha uzi mara nne katika kila kifungo. Yeye alipitisha mara mbili. Alikuwa amepiga hesabu zamani, akaona kwamba katika maisha ya fundi mmoja ile mizunguko inayobaki inatosha kujaza kabati la nyuzi, na mtu mwenye akili hatupi kabati zima kwa ajili ya kifungo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha Fundi Bajeti kilikuwa na kufuli.

Aliishi nyuma ya karakana yake, katika vyumba viwili na jiko, pamoja na wanawake watatu. Wa kwanza alikuwa mama yake mzazi, ambaye macho yake yalikuwa yamebakiza kazi moja tu, ya kutofautisha mchana na usiku, na hata hiyo aliifanya kwa kubahatisha. Wa pili mke wake, dobi katika hospitali kubwa, mwanamke wa mikono mipana na maneno machache. Wa tatu binti yao, aliyekuwa akisomea ufundi umeme na kurudi nyumbani na maswali.

Mwanzoni, alipoamua kwamba nyumba ijue pesa yake inakokwenda, aliwaletea daftari. Kila atumiaye aandike. Mwisho wa mwezi alikuta chakula kimeandikwa, nauli imeandikwa, sabuni imeandikwa, halafu chini yake safu ndefu iliyoitwa "mengineyo", ambayo ilikuwa imekula nusu ya mapato.

"Mengineyo ni nini?" aliuliza.

"Ni yale mengine," mke wake akasema.

"Baba, kama yangeweza kuandikwa yasingeitwa mengineyo," binti akasema.

Mama yake, ambaye hakuwahi kujua kusoma hata macho yalipokuwa mazima, alikuwa amechora mstari wa mkaa kwenye kila ukurasa, naye akataka mistari yake ihesabiwe.

Ndipo akaja na vifungo. Alikuwa navyo vingi kuliko mchele, maana mbali na vya kununua, mke wake alimletea vile vilivyong'oka kwenye nguo za wagonjwa kule kufuliani. Aliweka boksi la vifungo juu ya kabati la jikoni na, kando yake, chupa ya kioo yenye mdomo mpana iliyowahi kuwa ya jamu. Kwenye kifuniko cha bati alitoboa mwanya kwa ncha ya patasi. Kila atumiaye noti moja ndogo, adondoshe kifungo kimoja. Ili mama naye asiachwe nje, alichagua vya kutambulika kwa vidole. Cha shati, chenye matundu manne: chakula. Cha chuma, cha suruali: kodi ya nyumba. Cha mbao: gesi ya kupikia. Kilichovikwa kitambaa: dawa. Cha plastiki, chenye matundu mawili: nauli. Cha pembe: sabuni. Kile kidogo cha nguo za kichanga, kama punje ya mtama: uzi na sindano za karakana. Jumapili, baada ya chakula cha mchana, chupa ilimwagwa juu ya meza ya kukatia, vifungo vikapangwa mistari, na mistari ikalinganishwa na pesa iliyobaki katika kibweta, kisanduku cha pesa ya nyumba. Mengineyo yalikufa siku hiyo. Hapakuwa na kifungo cha mengineyo.

Sheria zilikuwa mbili. Ya kwanza, hakuna kutumia bila kutia. Ya pili, kifungo kikishaingia chupani hakitoki mpaka kiwe kimelipiwa. Kifuniko alikifunga yeye mwenyewe kwa mkono wa fundi, na mkono mwingine wowote wa nyumba ile haukuweza kukifungua.

Kulikuwa na kifungo kingine kimoja, kikubwa, cheusi, cha koti la baridi, kinachoenea kiganja cha mtoto. Hicho kilikuwa cha mazishi. Kilitumika mara moja tu, baba yake alipofariki. Hakikupita mwanyani, ikabidi kifuniko kifunguliwe. Kilipokwisha kulipiwa, Fundi alikitoa, akakifunga ndani ya kipande cha flaneli na kukiweka kwenye droo ya chini kabisa ya meza ya cherehani. Tangu hapo hakuna aliyekitaja. Kuna matumizi ambayo hata mtu wa bajeti hayapangii mafungu.

Mambo yalianza kwa gesi.

Jumapili moja walipomwaga chupa, vilitoka vifungo vya mbao vya mtungi mzima, ilhali mtungi uliokuwepo haukuwa na mwezi. Pesa kibwetani ilikuwa haijaguswa. Fundi aliwatazama wote kama askari wa lango.

"Nani ametia gesi?"

Mke wake akakana, binti akakana. Mama yake alikuwa akitafuna polepole. Fundi akasema watu waache mzaha na hesabu, akavirudisha chupani, kwa kuwa sheria ni sheria na havikuwa vimelipiwa. Siku mbili baadaye, chungu kikiwa nusu ya kuchemka, moto ulififia, ukapiga kwikwi, ukazimika. Mtungi ulikuwa unavuja kwenye koki.

Jumapili iliyofuata vilitoka vitatu vya kitambaa, vya dawa. Safari hii hakuuliza kwa sauti kubwa. Katikati ya wiki binti alirudi kutoka chuoni anatetemeka kwa homa, na dawa alizoandikiwa ziligharimu noti ndogo tatu. Si mbili na chenji. Tatu.

Fundi Bajeti hakuwa mtu wa kuamini kitu kisichopimika kwa tepu. Lakini alianza kupita mbele ya ile chupa kwa kuiachia nafasi, kama mtu anavyompisha mbwa ambaye hajawahi kumng'ata bado.

Jumapili ya tatu aliimwaga mwenyewe, taratibu. Vilitoka vya shati, vya nauli, viwili vya sabuni. Halafu chupa ikagoma. Kulikuwa na kitu kimebaki ndani, kinazunguka chini, kizito. Aliigeuza zaidi, akaipiga tako. Kikateleza kwenye kioo, kikaangukia mezani, kikajizungusha kwa ukingo wake muda mrefu kuliko inavyostahili kifungo, kisha kikalala.

Kilikuwa kile kikubwa cheusi.

Binti ndiye aliyepata ulimi kwanza. "Baba, umekitoa drooni wewe?"

Fundi aliinuka, akaenda karakana, akarudi na kifurushi cha flaneli. Akakifungua mbele yao. Cha zamani kilikuwamo, kimelala palepale kilipolazwa. Sasa vilikuwa viwili. Alikichukua kile kigeni, akakijaribu kwenye mwanya wa kifuniko. Hakikupita. Alikijaribu kwa ubavu, kwa mshazari, kama mtu anayeingiza kabati mlangoni. Hakikupita.

"Sasa nataka ukweli," alisema. "Sikasiriki. Nani anatia vitu humu?"

Akakisukuma kifungo katikati ya meza. Kisha mama yake akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, mpaka fimbo yake ikaanguka.

"Basi, basi, nimeshikwa. Ni mimi."

"Wewe, mama?"

"Sasa nani? Nyinyi mkishatumia mnasahau kutia. Mimi natia kwanza, nyinyi mnatumia baadaye. Si ndiyo bajeti yenyewe hiyo? Moto wa gesi nilikuwa nausikia unakohoa siku nyingi, nyinyi mna masikio ya mapambo. Na huyu mjukuu wangu alilala anapumua kwa mdomo, nikajua homa iko njiani inavaa viatu."

"Na bei, bibi?" binti aliuliza. "Bei ya dawa ulijuaje?"

"Dawa ya homa ni bei ileile tangu uanze kuugua, mama. Nimekuuguza mara ngapi?"

Kicheko kikawapata wote. Mke wa Fundi, ambaye hucheka kwa mabega tu, alicheka kwa mabega. Fundi mwenyewe alijifuta jasho kwa ncha ya tepu. Nyumba ikarudi kuwa nyumba.

"Lakini mama," alisema, bado anatabasamu, "hiki kikubwa umekipitishaje?"

"Kikubwa kipi?"

Alimwekea mkononi. Vidole vya mama vikakizunguka, vikasimama kwenye matundu, vikakizunguka tena. Alikirudisha mezani taratibu, kisha akapangusa mkono kwenye nguo yake.

"Hiki sikukitia mimi," alisema. "Mimi nitafungua kifuniko chako kwa mkono gani?"

Kifungo kikarudishwa chupani bila kulipiwa, na kuanzia siku hiyo Fundi Bajeti aliishi na mahesabu ya aina nyingine. Vile vya mbao vilikuwa vimelipiwa. Vile vya kitambaa vilikuwa vimelipiwa. Chupa yake haikuwahi kudai kitu kisichokuja. Sasa ilikuwa inadai mazishi, na nyumba ilikuwa na watu wachache wa kuchagua.

Aliwatazama mmoja mmoja. Kwa umri zamu ilikuwa ya mama, lakini mama, siku hiyohiyo ya kifungo, alikula sahani mbili na kuuliza kama kuna ukoko. Mke wake alibeba mashuka mabichi mazito kuliko yeye, na asubuhi alishika kiuno kabla ya kuinuka. Binti alicheza na nyaya mchana kutwa na kurudi nyuma ya pikipiki za watu asiowajua. Kila mmoja alipokuwa akitoka mlangoni alimwambia "uangalie," na hakuweza kusema waangalie nini. Aliwapikia chai. Aliongeza sukari bila kuambiwa, na hilo liliwatisha kuliko kifungo.

"Baba watoto, unaumwa?" mke wake aliuliza.

"Kwa nini?"

"Hukuhesabu vijiko."

Ilimchukua hadi Jumatano kukumbuka kwamba nyumba ilikuwa na mtu wa nne, na kwamba huyo wa nne alikuwa na maumivu chini ya bega la kushoto ambayo amekuwa akiyaita ya cherehani. Mpangaji mzuri wa bajeti hujisahau mwenyewe. Alikaa akiangalia mguu wake juu ya kanyagio, na mguu ukaonekana kama wa mtu mwingine aliyekuja kuazima.

Siku hiyo alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alivunja sheria ya pili. Alifungua chupa, akakitoa kifungo, akakifunga katika gazeti, akakitupa kwenye takataka za nyuma chini ya maganda na majivu, akanawa mikono mara mbili kwa sabuni ambayo hakuitilia kifungo.

Jioni walipokaa kula, mama yake aliingia kutoka uani, mkono mmoja ukutani, mwingine umefumba.

"Nyumba hii imekuwa tajiri siku hizi," alisema. "Nimekanyaga kitu pale nyuma, nikadhani jiwe. Kifungo kizima, hakina hata mkwaruzo! Tunatupa vifungo sasa? Haya, nifungulie nikirudishe."

Akaunyosha mkono. Hakuna aliyemwambia ni kipi. Alikuwa amekwisha kukitambua, na uso wake haukuwa unacheka, lakini mwanamke huyo alikuwa amemlea Fundi Bajeti kwa mikono yake, na katika mikono ile kitu kizima hakitupwi, hata kikiwa cha namna gani. Fundi akafungua kifuniko. Kifungo kikalia chini ya kioo.

"Mimi hata sijui kimefikaje nyumbani," mke wake alisema baadaye, akikunja nguo. "Vifungo ninavyokuletea ni vya nguo za wodini. Makoti hayafiki kwetu. Mtu akija na koti linatiwa kwenye gunia lake, linafungwa kamba, basi." Alikunja kitenge, akakikunjua, akakikunja tena. "Nilimfikiria yule mtu wa Jumapili. Walimwokota stendi, akafa wakati watu wanakula mchana. Yuko pale mpaka leo, hakuna aliyekuja kuuliza. Wakikosa mwenyewe watamfukia na wale wengine wa halmashauri, shimo moja."

Fundi alikuwa anachonga chaki. Akaacha.

"Kumzika mtu mmoja, peke yake, ni kiasi gani?"

"Unauliza nini wewe?"

"Nauliza bei."

Mke wake alikaa kitandani. Wameishi pamoja miaka mingi, na alikuwa na uzoefu na maswali ya bei, lakini hili alilisikia mpaka mwisho. "Una wazimu," alisema kwa upole.

"Kifungo hakitoki mpaka kilipiwe," alisema Fundi. "Hakijasema kilipiwe kwa ajili ya nani."

Pesa ilikuwepo. Haikuwa kibwetani, ilikuwa kwenye kopo la maziwa nyuma ya vitambaa, na ilikuwa ya cherehani ya umeme. Alikuwa ameikusanya mzunguko kwa mzunguko. Kila kifungo cha kila koti alilowahi kushona kilikuwa kimechangia humo uzi wake. Asubuhi alilishika kopo kwapani, akafungua chupa, akakitia kifungo mfukoni, maana alitaka kilipiwe kikiwepo, kama mteja mwingine yeyote, na akafuatana na mke wake hospitalini.

Mochwari ilikuwa mwisho wa korido, baada ya chumba cha kufulia, mahali ambapo taa huwaka mchana. Mhudumu wake alikuwa mtu mnene, mchangamfu, aliyekuwa akila karanga kutoka kwenye mfuko wa koti la kazi.

"Shemeji!" alimwambia Fundi, kwa kuwa alikuwa akifanya kazi jirani na mke wake. "Ndiye wewe fundi? Hongera. Mimi na wewe kazi moja, tunavalisha watu. Ila huku wateja hawarudi kulalamika."

"Una bahati," alisema Fundi.

"Sasa, huyu ni nani yako?" Mhudumu alivuta fomu. "Nijaze hapa, uhusiano na marehemu."

"Simjui."

"Simjui si uhusiano, shemeji. Watu wanaomjua hawajaja, wewe usiyemjua umekuja na kopo. Mkuu wa zamu atanihoji. Tuandike ndugu?"

Fundi alifikiri. Hakupenda kuandikisha uongo mahali penye mihuri. "Kwanza nimwone."

Alioneshwa uso. Ulikuwa uso wa mtu mzima, umetulia, haukumwambia lolote; angeweza kuupita barabarani kila siku. Alijiona mjinga. Alikuwa karibu kusema samahani na kurudi zake na kopo lake, wakati mhudumu alipovuta gunia chini ya meza.

"Na vitu vyake ndivyo hivi. Viatu, kitambaa cha mkononi, koti. Koti zuri lakini. Fungua mwenyewe, hiyo kamba hajaigusa mtu tangu nimeifunga mimi."

Kamba ilikuwa na fundo la mhudumu na lakiri, ile nta ya muhuri, juu yake. Fundi aliikata, akalitoa koti, na kabla hajalitandaza vidole vyake vilikuwa vimeshajua. Fundi anaijua kazi yake gizani, kama mama anavyokijua kikohozi cha mwanawe. Ule mfuko wa ndani ulioshonwa kwa mshazari kuokoa upana wa mkono mmoja wa bitana. Ile kola. Alilikumbuka koti lote, mpaka mahali alipounga kitambaa chini ya kwapa pasipoonekana. Mtu wake hakumkumbuka kabisa.

Lilikuwa koti la vifungo vitatu. Cha juu kilikuwepo kwa kuning'inia. Cha chini kilikuwepo kwa huruma ya Mungu. Cha katikati hakikuwepo. Mahali pake palitoka nyuzi fupi zilizokatika, kama ndevu. Fundi alizihesabu bila kutaka. Mizunguko miwili.

Alitia mkono mfukoni, akakitoa kifungo chake, akakiweka pale. Kwenye kitambaa kilichokwajuka pande zote palikuwa na duara jeusi ambalo jua halikuwahi kuligusa. Kifungo kikakaa juu ya duara, ukingo kwa ukingo.

Mhudumu aliacha kutafuna. "Umekipata wapi hicho?"

"Nyumbani kwangu."

"Tangu lini?"

"Jumapili," alisema Fundi. "Wakati wa chakula cha mchana."

Mhudumu alilitazama gunia, akaitazama ile lakiri iliyokatwa, akaamua, kama watu wote wanaofanya kazi pale kwa miaka mingi wanavyojifunza kuamua, kwamba halimhusu.

"Niandike nini sasa?"

"Andika fundi wake."

"Shemeji, fundi si—"

"Andika," alisema Fundi Bajeti, na mhudumu akaandika.

Alilipa yote kwa mkupuo, bila kuomba punguzo. Kopo likabaki na harufu ya maziwa. Kisha akaomba kiti. Sindano ilikuwa mahali pake pa siku zote, kwenye ukosi wa shati, na rili ya uzi mfukoni. Alikaa chini ya ile taa ya mchana, akakishona kifungo cha katikati. Alipitisha mara mbili, mkono ukataka kukata uzi kwa mazoea. Hakukata. Alipitisha mara ya nne. Akaendelea. Alikizungushia shingo ya uzi chini yake, akaikaza, akapiga fundo, akapitisha tena. Kisha akakifuata cha juu, na cha chini. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na kapu la mashuka. Katika maisha yao yote hakuwahi kumwona akishona bila midomo yake kutikisika kwa kuhesabu.

Walimzika Jumamosi, mvua ikitishia na kuahirisha. Mama alisisitiza kwenda. "Mtu ambaye kifungo chake nimekiokota uani kwangu, nitaachaje kwenda?" alisema, akatafuta fimbo yake. Walikuwa wao wanne na wachimbaji, na marehemu alikuwa amevaa koti lake, limefungwa vifungo vyote vitatu. Binti alimshika bibi mkono. Fundi alisikia udongo wa kwanza ukigonga ubao, na maumivu ya bega yakamkumbusha kwamba alikuwa ameyasahau tangu Alhamisi.

Usiku ule alilala kama mtu aliyefunga mahesabu ya mwaka.

Jumapili, baada ya chakula, aliishusha chupa. Kifuniko kilikuwa kimekazwa vilevile alivyokikaza. Aliimwaga mezani mbele yao. Vya shati. Vya nauli, zaidi kidogo kwa sababu ya safari ya makaburini. Kimoja cha sabuni, ile aliyonawia mikono. Alikuwa amekitia baadaye kwa aibu. Hakuna kikubwa. Alipumua. Wote walipumua. Alipanga mistari.

Mwisho wa meza kilibaki kimoja ambacho kilikuwa kimejificha kwenye mkunjo wa kitambaa. Kidogo, kama punje ya mtama. Cha uzi.

Fundi alikitazama. Uzi wa lile koti hakuutilia kifungo. Alikusudia kutoutilia. Lilikuwa ndilo tumizi pekee la maisha yake ambalo hakutaka liingie kwenye mstari wowote.

"Mama," alisema. "Umetia uzi?"

"Sijagusa chupa tangu kile." Mama yake alitega sikio upande wa kabati, kama anavyotegea mtungi wa gesi. "Uzi gani?"

Mke wake akatikisa kichwa. Binti akafungua mikono mitupu. Fundi akakivuta kibweta, akahesabu kilichobaki, akahesabu tena. Ilipungua noti moja ndogo, ambayo hakuna aliyeichukua. Ukikihesabu kile kifungo, hesabu ilikubali mpaka senti. Usipokihesabu, ilikataa. Aliiweka punje ile katikati ya kiganja chake. Haikuwa na uzito wowote.

"Basi kiko sawa," alisema hatimaye. "Kimelipiwa."

Alivirudisha vifungo kwenye boksi, kile kidogo akakitanguliza. Aliirudisha chupa juu ya kabati, akaweka kifuniko, akakikaza kwa nguvu zake zote kama alivyozoea. Kisha, bila kumtazama mtu, akakilegeza kidogo, kiasi cha mkono mwingine kuweza kukifungua.